Kutu inayofanya kazi: niliyowaambia mafundi pale Area C

Watu kama kumi hivi wameniomba niweke kwa maandishi ile hotuba ya Jumamosi niliyowapa mafundi hapa Dodoma, kuhusu oksidi zinazofanya kazi ndani ya vifaa vya elektroniki, kwa sababu spika ilikuwa inakoroma na waliokaa nyuma karibu na mlango hawakuambulia kitu. Basi nimeiandika kama nilivyoikumbuka, vichekesho nimepunguza, maswali ya mwisho nimebakiza moja tu.

Mbukwenyi!

Haya, wale mliokuja na treni ya asubuhi kutoka Dar, hiyo ni salamu ya Kigogo, itikieni tu hamtatozwa kitu.

Kabla sijaanza naomba kila mwenye simu aitoe mfukoni. Usiiwashe, kiangalie kioo tu. Umeona vumbi? Umetoka nyumbani Nkuhungu umeifuta vizuri, umefika hapa imeshapiga wekundu, ndo Dodoma yetu hiyo, upepo wa kiangazi ukianza hata chai unakunywa na mchanga wake. Sasa ule wekundu ni chuma kilichoshikana na oksijeni, yaani ni ndugu wa damu wa kutu iliyo kwenye geti lako. Kwa lugha ya darasani tunaita oksidi ya chuma. Na chini ya hilo vumbi, kwenye kioo chenyewe, simu nyingi zina utando mwembamba wa oksidi nyingine, ya indiamu na bati, huo utando unapitisha umeme na hapohapo mwanga unapita kama vile hakuna kitu, ndiyo maana kidole chako kinasikika na picha inaonekana. Kwa hiyo ukichukua ncha ya kanga ukafuta simu, unafuta oksidi juu ya oksidi.

Nimeanzia hapo makusudi. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa fundi redio, kibanda kimoja kidogo pale Majengo, na kote nilikopita nimekuta watu wanaamini elektroniki ni silikoni, ile malighafi ya chipu, basi. Na oksidi ni kitu kilichoharibika, kitu cha kukwangua na msasa. Leo nataka niwaonyeshe oksidi tatu nne ambazo tayari mnazishika kila siku kwenye meza zenu za kazi, na kwanini fundi anayejua kilichomo ndani ya kile kidude anatengeneza vizuri kuliko yule anayesoma namba na kubandika kingine.

Semikondakta, kwa wanaoanza, ni kitu kisichopitisha umeme kama waya wala kukataa kama plastiki, kipo katikati na unaweza kukiamuru. Hiyo "unaweza kukiamuru" ndo biashara yote. Na oksidi zilikuwemo kwenye hii biashara kabla transista, ile swichi ndogo ya umeme iliyojaa ndani ya chipu, haijazaliwa. Miaka ya 1920 huko Marekani, Lars Grondahl na Paul Geiger, wakiwa kwenye kampuni iliyokuwa inatengeneza signo za reli, walichukua bamba la shaba, wakalichoma mpaka juu likaota ngozi ya oksidi ya shaba, wakakuta umeme unapita upande mmoja unakataa upande wa pili. Rektifaya. Zikatumika kuchaji betri, zikatumika kwenye redio. Transista ya kwanza ilikuja 1947, na silikoni ikatawala baadaye kabisa. Kwahiyo huyu mnayemuona mgeni alikuwa mwenyeji, akahama mjini, sasa anarudi.

Sasa nije kwenye kitu nimekileta. (Nikatoa frijigadi iliyoungua, kile kifaa cha kukinga friji na umeme mbaya, kwenye mfuko wa rambo, nikampa kijana wa mstari wa mbele aipitishe.)

Hii ni yangu mwenyewe. Niliinunua dukani, sitataja duka, nikaichomeka, friji ikanguruma vizuri, nikajiona nimemaliza. Mvua za mwezi wa kwanza zikaja na zile radi zetu, umeme ukakata, ukarudi kwa kishindo, friji ikazima moja kwa moja. Kompresa iko sawa, bodi ya friji imeungua. Nikaifungua hii frijigadi. Ndani kuna rilei, kuna transfoma kadogo, na kwenye bodi kuna matundu mawili yameandikwa kwa ajili ya varista, na matundu yako wazi. Hakuna kitu! Waliochora bodi waliiweka, waliounganisha wakaiacha, wakaokoa visenti. Nikakaa pale sakafuni nikacheka peke yangu, mke wangu akadhani nimechanganyikiwa.

Varista mnaijua, kile kidude cha duara cha bluu kama kidonge kikubwa chenye miguu miwili. Wengi mnaita kapasita kwa makosa. Ndani yake ni unga wa oksidi ya zinki, uleule mweupe ulioko kwenye losheni ya kalamini tunayowapaka watoto wakipata tetekuwanga (na ile rangi ya pinki ya kalamini inatokana na oksidi ya chuma kidogo, lile vumbi letu tena, mnaona linavyotufuata). Unga huo unachanganywa na oksidi ya bismathi kidogo na vitu vingine, unashindiliwa, unachomwa kwenye tanuru zaidi ya nyuzi 1000. Ukitoka unakuwa kama ukuta wa matofali, kila punje ya zinki ni tofali na ile bismathi inakaa pembeni kama udongo wa kuungia. Punje zenyewe zinapitisha umeme vizuri tu. Kazi iko kwenye maungio. Kila ungio linavumilia kama volti 3, zikizidi linaachia ghafla.

Haya, hesabu ya kijiweni. Kwenye varista imeandikwa 10D431. Hiyo 10 ni upana wake kwa milimita. 431 ni 43 ukiongeza sifuri moja, volti 430. Gawa kwa 3, unapata maungio kama 140 yamepangana toka mguu huu mpaka mguu ule. Ukitaka varista ya volti nyingi zaidi kiwanda kinaongeza unene, basi, maungio yanaongezeka. Umeme wa nyumbani ni volti 230 lakini kilele cha wimbi kinafika kama 325, bado iko chini ya 430, kwa hiyo varista imelala tu hapo siku zote haifanyi kitu. Radi ikipiga karibu na laini, volti zinapanda maelfu kwa muda ambao hata jicho halijapepesa, yale maungio yote yanaachia kwa pamoja, umeme wa ziada unapita kwenye varista badala ya kwenda kwenye bodi ya friji, volti zikishuka inajifunga tena. Hii ilitengenezwa Japani kwenye kampuni ya Matsushita mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo vizuia radi vya kwenye laini kubwa za umeme navyo ndani ni oksidi ya zinki hiyohiyo, ila ni vipande vinene vimepangwa kama stuli.

Na hapa ndo nawaambia kujua kitu kunasaidia. Varista inazeeka. Kila kishindo kinaunguza maungio kidogo. Ukiipima na mita leo itakuonyesha haipitishi, utasema nzima, kumbe imeshapokea radi mia na imebaki roho mkononi. Ikichoka zaidi inaanza kuvuja umeme, inapata moto, inapasuka, na ndiyo maana lazima kuwe na fyuzi mbele yake. Jambo la pili, varista ni ya kishindo kifupi. Nyutro ikikatika mtaani ukaletewa volti 400 kwa dakika nzima, varista haiwezi kukuokoa, yenyewe inakufa, na ikifa vizuri inaivuta fyuzi inakatika. Kwa hiyo mteja akikuletea frijigadi, varista imepasuka na fyuzi imekatika, usimwambie kifaa kibovu. Kilikufa kazini. Badilisha vyote viwili, na usije ukaruka fyuzi kwa kipande cha waya, nawajua.

Twende oksidi ya pili, hii naipenda kuliko zote. Oksidi ya bati. Bati lenyewe tunalo, kule Kyerwa mkoa wa Kagera wanachimba, ila nitarudi kwenye mambo ya madini mwishoni maana najua kuna mtu ameshaanza kupiga hesabu.

Japani miaka ya baada ya vita watu walianza kupikia gesi ya mitungi majumbani, na mitungi ikawa inavuja, nyumba zinalipuka. Jamaa mmoja, Naoyoshi Taguchi, akakuta kwamba oksidi ya bati ukiipasha moto inabadilika upitishaji wake pale gesi inapopita. Mwaka 1962 akaomba hataza, mwisho wa muongo ule vifaa vyake vikaanza kuuzwa. Ndo sensa ya gesi, na hapa simaanishi ile ya watu na makazi ya 2022, msije mkakimbia.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ndani kuna hita ndogo inaipasha ile oksidi mpaka nyuzi kama 300. Kwenye joto hilo oksijeni ya hewani inakuja kukaa juu ya punje za oksidi, na ikikaa inashika elektroni, yaani kama mtu amekaa mlangoni ameweka mguu, hapiti mtu. Umeme unapita kwa shida. Gesi ikija inaungua na ile oksijeni palepale juu ya punje, oksijeni inaondoka, elektroni zinaachiwa, umeme unapita. Saketi inaona upinzani umeshuka, kengele inalia. Hakuna maajabu.

(Hapa niliwasha kile kidude changu, nikafungua kiberiti cha gesi bila kuwasha moto, kikapiga kelele mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia. Samahani mama.)

Nimekiunga kwa sensa ya kawaida ya MQ-2, hizi wanafunzi wanazichezea kila siku kwenye projekti zao. Serikali yetu mwaka 2024 imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034, maana yake mitungi itaingia kwenye majiko ambayo hayajawahi kuona gesi. Kuna kazi hapo kwa fundi. Ila fundi ajue mambo mawili matatu. Sensa mpya iache imewaka muda mrefu kabla hujaiamini, ile hita lazima isafishe uso kwanza. Usibandike sensa kwa gundi ya silikoni, ile ya kubandikia vioo vya madirisha, mvuke wake unaziba uso wa oksidi na sensa inakuwa kipofu huku taa yake inawaka kijani kwa furaha kabisa. Hili nimelikuta kwenye nyumba ya mtu, kifaa kimebandikwa vizuri, kinawaka, na kimekufa. Bora angekuwa hana kabisa, angenusa kwa pua.

Sasa kioo. Hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Kila nukta kwenye kioo cha simu au televisheni ina transista yake nyuma, mamilioni, na zote lazima zitandazwe juu ya kioo kikubwa kwa bei ya kawaida. Silikoni ya fuwele, ile ya kwenye chipu, huwezi kuitandaza hivyo. Kwa hiyo wakatumia silikoni iliyomwagwa ovyo, atomu hazina mpangilio. Inatandazika vizuri ila ni mzembe, elektroni zinatembea humo kwa kujikokota. Wana kipimo cha mwendo huo, sitawachosha na yuniti zake, silikoni ya ovyo haizidi 1 sana, ile ya fuwele ndogondogo inayopikwa kwa leza inafika hata 100 lakini ni ghali na ni shida kuitandaza kwenye kioo kikubwa.

Akatokea Hideo Hosono, aliyekuwa profesa wa Tokyo Institute of Technology. Huyu mtu asili yake ni mambo ya vioo na kauri, na kwa kukumbushia tu, yeye na wenzake mwaka 2003 walichukua kitu ambacho kimo kwenye aina fulani ya saruji wakakifanya kipitishe umeme, saruji jamani, ndugu wa hii tunayomwaga kule Mtumba kila siku. Katikati ya miaka ya 1990 Hosono alisema kuna oksidi ambazo hata zikiwa zimevurugika hazipotezi mwendo. Watu hawakumtilia maanani sana. Mwaka 2004 kundi lake likachapisha kwenye jarida la Nature transista za oksidi ya indiamu, galiamu na zinki, wanaiita IGZO, zimetengenezwa kwenye joto la kawaida la chumba juu ya plastiki, plastiki ya jamii ileile ya chupa za maji. Ikakunjika na bado ikafanya kazi, na mwendo wake ulikuwa kama mara kumi ya ile silikoni ya ovyo.

Kwanini? Chukulia unavuka korongo kwa kukanyaga mawe. Kama mawe ni madogo na marefumarefu, lazima uyapange kwa ustadi, jiwe moja likigeuka upande umetumbukia. Ndiyo silikoni hiyo, elektroni zake zinapita kwenye mikono inayoelekea pande maalumu, ukivuruga mpangilio mikono haikutani. Sasa chukulia korongo limejaa majabali ya Dodoma, haya ya kwetu mviringo makubwa kama nyumba. Hata yakiporomoka yalale vyovyote, bado yanagusana, unavuka tu. Atomu ya indiamu ina wingu la nje la elektroni ambalo ni mviringo na ni kubwa, linafunikana na la jirani hata kama jirani amekaa vibaya. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaenda nje nikakaa. Kitu kizuri kiasi hicho, na ni suala la umbo la wingu tu.

Zawadi ya pili ya IGZO imekuja baadaye, na kwa mtu wa Dodoma itaeleweka haraka. Transista ni bomba. Kila mtu anajisifu bomba lake likifunguliwa linatoa maji mengi, lakini sisi tunaokinga maji kwenye madumu tunajua bomba la maana ni lile ambalo likifungwa limefungwa. Silikoni ikifungwa bado inadondosha. IGZO ikifungwa, udondokaji wake ni mdogo mpaka walihangaika kutafuta namna ya kuupima. Kwa hiyo ile chaji uliyoweka nyuma ya nukta inakaa, na kama picha haijabadilika huna haja ya kuijaza tena. Kioo cha kawaida kinajazwa upya mara 60 kwa sekunde, nyingine 120, hata kama umeacha saa tu inaonekana. Wakachanganya, transista za silikoni kwa kazi ya nguvu na za oksidi kwa kazi ya kushikilia, Apple wakaziweka kwenye saa zao za 2018 na baadaye kwenye simu, kioo kinashuka mpaka mara 1 kwa sekunde. Sharp walishaanza kutengeneza vioo vya IGZO kwa wingi 2012, na zile televisheni kubwa za OLED za LG zilizoanza 2013 nazo zinaendeshwa na transista za oksidi.

Mafundi simu mnanisikiliza? Mteja analeta simu ya namna hiyo kioo kimepasuka, unamwekea kopi ya bei nafuu, anaondoka amefurahi, baada ya siku tatu anarudi anasema umemuibia betri. Hujaiba. Kile kioo kopi mara nyingi kinajazwa mara 60 kwa sekunde muda wote, hakijui kupumzika. Mwambie kabla hujafungua simu, mwandikie kwenye risiti kabisa, ugomvi utapungua nusu.

Na kama hamuamini kuna nukta, chovya kidole kwenye maji, dondosha tone dogo sana juu ya kioo chenye rangi nyeupe, tone liwe dogo kama kichwa cha pini, angalia kwa karibu. Utaona nyekundu, kijani, bluu. Tone limekuwa lenzi. Transista zenyewe hutaziona, ni ndogo mno, lakini ujue ziko nyuma ya kila karangi. (Tulipoteza dakika tano hapa kila mtu anatema mate kwenye simu yake, nilisema maji jamani.)

Mbona basi zisichukue nafasi ya silikoni kila mahali? Kuna kilema kimoja kikubwa. Chipu za kompyuta zinahitaji transista za aina mbili, moja inayoendeshwa na elektroni na nyingine inayoendeshwa na matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni. Zinafanya kazi kwa zamu kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Oksidi ziko vizuri upande wa elektroni, upande wa matundu ni shida, kwa sababu tundu linakaa kwenye oksijeni, na oksijeni ni mchoyo, halimtoki. Kundi la Hosono lilipata oksidi angavu ya shaba na aluminiamu ya upande huo mwaka 1997, watu wakashangilia, mwendo ukawa mdogo. Mwaka 2024 Wakorea wakachapisha transista ya matundu kutoka oksidi ya teluri iliyochanganywa na seleni, nayo ni ya ovyo isiyo na mpangilio na mwendo wake si haba. Mimi nasema tusubiri. Nimeona vitu vingi vikitangazwa vimeishia kwenye karatasi.

Ya mwisho nitaipita haraka maana njaa imeshawashika, oksidi ya galiamu. Hii si ya vioo, ni ya umeme mkubwa. Mjapani Masataka Higashiwaki na wenzake walionyesha transista yake 2012. Uwezo wake wa kuvumilia volti kabla haijatobolewa unakadiriwa kuwa zaidi ya mara ishirini ya silikoni kwa unene uleule. Na fuwele yake unaweza kuivuta kutoka kwenye uji ulioyeyuka, kama silikoni, wakati mshindani wake kabidi ya silikoni inakuzwa polepole kutoka kwenye mvuke kwenye joto la kutisha. Inveta za sola, chaja za magari ya umeme, mitambo ya treni kama hii SGR yetu iliyofika Dodoma 2024, kote huko kuna swichi za umeme mkubwa na kote huko wangependa swichi nyembamba isiyopoteza nguvu. Tatizo, oksidi ya galiamu ikipata joto halitoki haraka. Inapitisha joto kama moja ya kumi ya silikoni, yaani unampa kazi ya zege mtu aliyevaa koti la baridi hapa Bahi mchana. Na kilema cha matundu kiko palepale. Galiamu yenyewe karibu yote inatoka China, na tangu 2023 wameweka masharti ya kibali kuitoa nje.

Najua sasa kuna mtu anataka kusema "sisi tuna madini". Tunayo. Mmekumbuka Winza, hapo Mpwapwa, 2008 watu walivyofurika kwenye rubi? Rubi nayo ni oksidi, aluminiamu na oksijeni na kromiamu kidogo ya kuleta wekundu. Watu walichimba, wakauza, mawe yakaenda Thailand yakapigwa msasa, na sisi tulibaki na mashimo na stori. Sisemi kwa uchungu, nasema ndivyo ilivyokuwa. Indiamu inapatikana kama makombo ya kusafisha zinki, galiamu ni makombo ya kusafisha boksiti, kwa hiyo hata ukiwa na jiwe, asiye na kiwanda cha kusafisha hapati makombo. Kwa hiyo mimi siwaambii mkachimbe. Nawaambia mkirudi kwenye vibanda vyenu, fungueni frijigadi tano mtakazopokea wiki hii, muangalie kama varista ipo, mpige picha mnitumie, nataka kujua ni ngapi zina matundu wazi kama yangu.

Baada ya hapo yakaja maswali. Mama mmoja mwenye mgahawa karibu na Sabasaba akasimama, akasema mwalimu mimi hayo ya Wajapani nimeyaacha, hicho king'ora cha gesi nikiweka juu ya jiko, pale kwenye dari, si ndo pazuri, moshi unapanda. Nikamwambia hapana mama, moshi unapanda lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka inatambaa sakafuni kama maji, kiweke chini, karibu na sakafu, chini ya goti, mbali kidogo na mlango na mbali na mvuke wa sufuria. Akaniangalia. Akasema mtu aliyemuwekea alipanda ngazi kabisa. Nikamuuliza amebandika kwa nini.

"Kwa ile gundi nyeupe ya madirisha."

Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Jumatatu nilienda na bisibisi na sensa mpya.